Jina la kikoa na matini ya tovuti

Jina la kikoa ni jina ambalo mtu huandika kwenye simu au kompyuta ili afike kwenye tovuti fulani, kama vile wikipedia.org. Kompyuta zenyewe hazitambuani kwa majina. Kila iliyounganishwa na intaneti ina namba yake, na jina huwekwa juu ya namba hiyo kwa ajili ya binadamu, maana hakuna awezaye kukariri namba za tovuti zote anazozihitaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majina yote yalikuwa yakiandikwa katika faili moja iliyotunzwa California, na kila kompyuta ya mtandaoni ililazimika kuichukua upya kila ilipobadilika. Faili ilipozidi kuwa kubwa, Paul Mockapetris alibuni, mwaka 1983, mfumo unaotumika mpaka leo. Katika mfumo huo hakuna daftari moja lenye majina yote. Ngazi ya juu inajua tu nani anatunza .com, .org, .tz au .cd, mtunzaji wa .cd anajua waliosajiliwa chini ya .cd, na aliyesajiliwa hupanga mwenyewe yaliyo chini ya jina lake.

Neno kikoa halikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Kula kikoa ni kula kwa ushirika, kila mwenzi akitoa chakula kwa zamu yake. Maana hiyo ya watu waliogawana wajibu inaufaa vizuri mfumo ambao kila ngazi imekabidhiwa sehemu yake, na nchini Tanzania neno hili, pamoja na wingi wake vikoa, limeshazoeleka katika usajili wa majina ya .tz. Huko Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mambo ni mengine: shule na ofisi ni za Kifaransa, kwa hiyo fundi husema nom de domaine na mwenye duka husema site. Hapo ndipo mtafsiri anaweza kuteleza, kwa kuwa domaine ya Kifaransa ni pia shamba au ardhi ya mtu, na anayeifuata neno kwa neno atafika kwenye milki. Milki ni tafsiri mbaya. Jina la kikoa halinunuliwi moja kwa moja. Hukodishwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na muda ukipita bila kulipiwa, mtu mwingine anaweza kulisajili. Msemo anwani ya tovuti nao hutumika sana na hauna madhara katika mazungumzo, ingawa anwani ni mstari mzima unaofungua ukurasa fulani, na kikoa ni sehemu yake tu. Kikoa hichohicho ndicho hukaa baada ya alama ya @ katika barua pepe ya biashara.

Sehemu ya mwisho ya jina huonyesha jina limesajiliwa chini ya nani. Ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni .cd. Wakati wa Zaire ilikuwa .zr; nchi ilipobadilishwa jina Mei 1997, msimbo wake wa kimataifa ulibadilika pia, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Jirani yake .cg ni ya Kongo-Brazzaville, na kosa la herufi moja humpeleka mteja ng'ambo ya mto Kongo. Kosa kama hilo huvizia .com: anayesahau m ya mwisho anaangukia .co, ambayo ni ya Kolombia. Tangu 2017 ipo pia .africa. Kwa duka linalouza Bunia na viunga vyake, .cd inamwambia mteja mara moja kwamba biashara ni ya nchini. Anayenunua kahawa au kakao ya Ituri ili kuiuza nje hupata nafuu kwa .com, kwa sababu mnunuzi wa mbali ameizoea.

Jina lenyewe ndilo lenye kazi. Tuchukue biashara ya vitambaa katika mtaa wa Ngezi, mjini Bunia. Wazo la kwanza la mwenye duka huwa ni kutumia jina la mtaa, na kwa wateja wa jirani linatosha. Lakini kwenye intaneti Ngezi hailingani na mtaa huo peke yake: kuna msitu wa hifadhi wa Ngezi kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, na kuna Ngezi ya Zimbabwe yenye machimbo ya platinamu na timu ya mpira. Anayetafuta Ngezi tupu ataletewa popo wa Pemba na habari za ligi ya Zimbabwe kabla ya kuona kitambaa hata kimoja. Kuongeza Bunia kunamaliza utata. Hata hivyo jina la mtaa lina hatari yake, kwa kuwa duka likihamia mtaa wa Mudzipela au wa Lumumba, jina litabaki likisema uongo. Jina linalotaja bidhaa na mji hudumu kuliko linalotaja bidhaa na mtaa.

Sheria za kiufundi ni chache. Herufi za kawaida, tarakimu na kistari huruhusiwa. Kistari hakianzi wala hakimalizi. Kila sehemu kati ya nukta isizidi alama 63. Herufi kubwa na ndogo ni mamoja. Herufi za Kifaransa zenye alama, kama é, huwezekana kwa njia ya kuzunguka, lakini afadhali kuziacha, kwa kuwa wengi hawaziandiki wanapotumia simu.

Kipimo kikali zaidi ni masikio. Jina la duka huko Bunia husambaa kwa mdomo: sokoni, kwenye teksi ya pikipiki, redioni. Linalosikika lazima liweze kuandikwa bila kuuliza. Kiswahili cha mashariki ya Kongo hutamka bi- mahali ambapo Kiswahili sanifu kina vi-, hivyo vitu huwa bitu, na duka lililosajiliwa kama vitenge litatafutwa na baadhi ya wateja kwa b. Umoja, kitenge, hauna tatizo hilo. Vilevile Kongo huandikwa kwa k na kwa c, na mtu aliyesomeshwa Kifaransa anaweza kuweka ou mahali pa u. Kistari nacho husahaulika mara tu jina linapotamkwa. Mwenye biashara alitaje jina kwa watu kadhaa, awaombe waliandike, kisha aangalie wameandika nini, na afanye hivyo kabla ya kulipa.

Jambo moja huwaumiza wafanyabiashara wadogo kuliko uchaguzi mbaya wa jina, nalo ni usajili uliofanywa kwa jina la fundi. Kijana aliyetengeneza tovuti hulisajili jina kwa barua pepe yake, halafu huhama mji au hugombana na mwenye duka, na jina lililochorwa juu ya mlango na kwenye risiti zote linakwenda naye. Msajiliwa awe mwenye biashara, kwa barua pepe anayoifungua mwenyewe, na tarehe ya kulipia upya iandikwe dukani.

Maneno yanayowekwa ndani ya tovuti huitwa matini. Kiingereza hutumia neno moja, copy, kwa maandishi ya biashara na kwa karatasi iliyotoka kwenye fotokopi, na tafsiri za haraka zimeyaita maandishi hayo nakala. Nakala ni mfano wa kitu kilichokwisha kuwapo. Matini ya tovuti huandikwa kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya mteja mahususi. Matini iliyonakiliwa kutoka tovuti ya duka lingine inamwambia mteja kwamba duka halina lake la kusema.

Mteja wa Ngezi anataka kujua kinauzwa nini, bei ni dola au faranga, duka liko karibu na nini, na namba ya simu ni ipi. Namba za nyumba hazisaidii sana, kwa hiyo mahali huelezwa kwa kanisa, shule au njia panda inayojulikana. Simu iandikwe pamoja na +243, kwa sababu ndugu walioko Kampala nao hununulia familia. Picha ziwe chache na nyepesi. Mteja analipia mega zake.

Lugha ya matini ni uamuzi wa kibiashara. Sarufi ya Kiswahili sanifu husomwa bila shida, lakini majina ya bidhaa lazima yawe ya mjini: mgahawa wa Bunia unaoandika kisamvu hautapatikana na anayetafuta sombe. Kifaransa kinahitajika kwa mashirika na ofisi zinazoomba hati ya bei kabla ya kununua, na huwekwa katika ukurasa wake. Kurasa hizo mbili zibadilishwe pamoja kila bei inapobadilika, kwa kuwa mteja anayesoma lugha zote mbili atazilinganisha, na ataidai bei iliyo ndogo.