Kulipa mkopo wa nyumba mapema: Yampasayo kujua mwenye rehani Kitengela na Kajiado

KATIKA mitaa ya Kitengela, kuanzia Noonkopir hadi Acacia, ziko nyumba nyingi ambazo mwenyewe hulala ndani ilhali hati miliki yake imelala katika kasha la benki.

Kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba hukatwa awamu ya mkopo. Na kila anaposikia kwamba kiwanda fulani kinapunguza wafanyakazi, au kwamba riba imepanda, hujiuliza swali lile lile: Je, akiba hii ndogo niipeleke benki kupunguza deni, au niishike mkononi?

Swali hilo halina jibu moja linalomfaa kila mtu. Hata hivyo, lina hesabu yake, lina sheria yake na lina utaratibu wake. Anayeyafahamu mambo hayo matatu hapungukiwi na busara siku ya kuamua.

Mji uliojengwa kwa mishahara

Kitengela iko katika Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara iendayo Namanga, jirani na Athi River iliyo Kaunti ya Machakos. Zamani ilikuwa malisho ya mifugo ya Wamaasai. Mashamba ya pamoja yalipogawanywa, na viwanda vya bidhaa za kuuza nje (EPZ) vilipojengwa Athi River baada ya sheria ya mwaka 1990, ardhi ilianza kuuzwa vipande vipande na nyumba zikachipuka.

Kwa sababu hiyo, wakazi wengi hutegemea mshahara kutoka viwanda vya nguo na saruji, au kutoka ofisi za Nairobi. Mshahara wa aina hiyo unaweza kukatika ghafla. Mnamo Agosti 2018, kampuni ya ARM Cement, iliyokuwa na kiwanda Athi River, iliwekwa chini ya msimamizi baada ya kulemewa na madeni.

Kwa wale ambao kipato chao ni mifugo, ukame uliodumu kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023 uliangamiza ng'ombe wengi wa Kajiado. Ng'ombe aliyekonda hauzwi kwa bei ya kulipia awamu.

Hata anayebaki kazini ameona hati yake ya mshahara ikipungua. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ilianza kukatwa mwaka 2023, na mchango wa bima ya afya ya jamii wa asilimia 2.75 ukaanza Oktoba 2024.

Riba haikai mahali pamoja

Mikopo mingi ya nyumba nchini hutozwa riba inayobadilika. Riba ya msingi ya Benki Kuu ya Kenya ikipanda, benki za biashara hufuata.

Mfano unaokumbukwa kwa machungu ni wa mwaka 2011. Mnamo Septemba mwaka huo riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 7. Oktoba ikawa 11, Novemba 16.5 na Desemba 18. Mikopo ya benki ikapita wastani wa asilimia 20 mwaka uliofuata.

Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019, sheria ilizizuia benki kutoza zaidi ya pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Kizuizi hicho kiliondolewa. Riba ya Benki Kuu ikapanda tena kutoka asilimia 7 mapema 2022 hadi 13 Februari 2024, kisha ikashushwa hatua kwa hatua hadi 9.75 Juni 2025.

Anayechukua mkopo wa miaka 20 basi ajue kwamba atapita katika misimu kama hiyo zaidi ya mara moja.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa mkopo wa Sh4 milioni, riba ya asilimia 14 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio, na muda wa miaka 20. Awamu ya kila mwezi ni takriban Sh49,740.

Katika mwezi wa kwanza, Sh46,667 za awamu hiyo ni riba. Deni lenyewe hupungua kwa Sh3,074 tu. Baada ya miaka mitano mkopaji atakuwa amelipa karibu Sh3 milioni, lakini salio litakuwa bado Sh3.73 milioni. Akimaliza miaka yote 20 atakuwa amelipa karibu Sh11.9 milioni, yaani riba ya Sh7.9 milioni juu ya mkopo wa Sh4 milioni.

Sasa tazama nguvu ya kulipa mapema. Mkopaji huyo akiongeza Sh10,000 kila mwezi tangu mwanzo, atamaliza deni kwa miezi 131, yaani chini ya miaka 11. Riba itakuwa takriban Sh3.8 milioni. Ameokoa zaidi ya Sh4 milioni.

Au asipoweza hilo, akalipa Sh500,000 kwa mpigo mwishoni mwa mwaka wa tano na kuendelea na awamu ile ile, atapunguza muda kwa karibu miaka minne na miezi tisa na kuokoa riba ya takriban Sh2.3 milioni.

Kinyume chake, riba ikipanda kutoka 14 hadi 18 mapema katika mkopo huo, awamu hufika karibu Sh61,730. Benki ikiiacha awamu ya zamani, riba ya mwezi pekee itakuwa Sh60,000 na deni litakuwa linakua huku mkopaji akilipa. Ndiyo sababu mkopaji hapaswi kufurahia awamu isiyobadilika kabla ya kuuliza salio limekwenda wapi.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mkopaji haki ambazo wengi hawazijui.

Kifungu cha 84 kinaitaka benki itoe notisi ya maandishi ya angalau siku 30 kabla ya kubadilisha riba, na ieleze riba mpya kwa lugha inayoeleweka.

Kifungu cha 85 kinampa mwenye mali haki ya kulipa deni lote na kuondolewa rehani wakati wowote kabla mali haijauzwa. Mkataba unaomnyima haki hiyo hauna nguvu kisheria. Benki inaweza kuweka sharti la notisi ya mwezi mmoja, au malipo yasiyozidi riba ya mwezi mmoja, kwa anayetaka kumaliza kabla ya muda.

Malipo ya ziada yasiyomaliza deni ni jambo jingine. Hayo hutegemea mkataba. Kabla ya kupeleka fedha, andika barua na uombe majibu ya maandishi kwa maswali matatu: Je, kuna ada? Je, fedha hizi zitapunguza salio siku hiyo hiyo, au zitawekwa kungoja awamu zijazo? Je, muda utapungua au awamu itapungua?

Kupunguza muda ndiko kunakookoa riba nyingi zaidi. Kupunguza awamu huleta nafuu ya kila mwezi, jambo linalomfaa anayehofia kupungukiwa na kipato.

Kabla ya kukimbilia benki

Hatari kubwa ya kulipa mapema ni kwamba fedha zikishaingia ndani ya kuta za nyumba hazitoki kwa urahisi. Aliyelipa Sh500,000 za ziada mwezi Januari na kupoteza kazi mwezi Machi, kwa kawaida bado atadaiwa awamu ya Aprili. Benki haitamrudishia fedha zake kwa kuwa amepata shida.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni akiba ya dharura. Katika mji wa viwanda, akiba ya miezi sita ya chakula, karo, maji na awamu ya mkopo si anasa. Iwekwe mahali inapopatikana haraka. Ikiwa ni benki, kumbuka kwamba bima ya amana humlinda mwenye akiba hadi Sh500,000 katika kila benki. Wateja waliofungiwa fedha katika Imperial Bank mnamo Oktoba 2015 na Chase Bank mnamo Aprili 2016 hawahitaji kuelezwa maana yake.

Hatua ya pili ni kulipa kwanza madeni ghali zaidi. Hakuna busara kupunguza rehani ya asilimia 14 huku mtu akidaiwa mikopo ya simu ambayo gharama yake kwa mwaka ni kubwa mno.

Hatua ya tatu ni kutazama kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mkopaji anayeishi katika nyumba yake anaweza kuondoa riba ya hadi Sh360,000 kwa mwaka kutoka mapato yanayotozwa kodi, mradi mkopo umetoka taasisi inayotambuliwa na sheria. Kwa anayetozwa asilimia 30, hiyo ni nafuu ya hadi Sh108,000 kwa mwaka.

Katika mfano wetu, riba hupita Sh360,000 kwa mwaka mradi salio liko juu ya Sh2.57 milioni. Juu ya kiwango hicho, kulipa mapema hakumpotezei mkopaji nafuu yoyote ya kodi. Chini yake, kila shilingi ya riba anayookoa humpunguzia nafuu hiyo, na riba ya asilimia 14 humgharimu kama asilimia 9.8.

Hatua ya nne ni kulinganisha. Mnamo Februari 2024 serikali iliuza hati za dhamana za miundomsingi zenye riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi. Aliyekuwa na mkopo wa chini ya kiwango hicho angefaidi zaidi kwa kuikopesha serikali. Vivyo hivyo, mwenye mkopo wa riba ya chini usiobadilika, kama ile inayofadhiliwa kupitia Kampuni ya Kenya Mortgage Refinance (KMRC), hana sababu ya kuharakisha kama mwenye mkopo wa kawaida.

Anayefikiria kuhamisha mkopo kwenda benki nyingine yenye riba nafuu naye ahesabu ada ya wakili, ya mthamini na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya kiasi kinachowekewa rehani. Ikiwa ardhi bado imesajiliwa kuwa ya kilimo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kajiado, itahitajika pia idhini ya bodi ya ardhi.

Mambo yakiharibika

Asiyeweza kulipa asijifiche. Mnamo Machi 2020, janga la corona lilipoingia, Benki Kuu iliziruhusu benki kupanga upya mikopo ya waliokuwa wakilipa vyema hadi Machi 2 mwaka huo, kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Waliofika mapema na vielelezo ndio waliokuwa na la kuzungumza.

Bila mapatano, sheria inataka mkopaji apewe notisi ya angalau miezi mitatu kurekebisha kasoro ya malipo, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Mali lazima ithaminiwe kwanza. Muda huo unatosha mtu kujiuzia nyumba mwenyewe kwa bei ya soko, badala ya kungoja nyundo ya dalali.

Siku ya mwisho

Anayemaliza deni asiridhike na ujumbe wa simu kwamba salio ni sufuri. Adai barua ya benki, hati ya kuondoa rehani iliyotiwa sahihi, na hati miliki halisi.

Hati za eneo hili, ambazo nyingi huanza kwa maneno Kajiado/Kitengela au Kajiado/Kaputiei North, husajiliwa katika afisi ya ardhi. Mpaka hati ya kuondoa rehani isajiliwe huko, daftari litaendelea kuonyesha kwamba benki ina haki juu ya ardhi hiyo. Baada ya kusajili, omba upekuzi mpya uone kwa macho yako kwamba sehemu ya rehani ni safi. Wajane na mayatima ndio huteseka pale jambo hili dogo linapoachwa.

Pia uliza kuhusu bima. Bima ya maisha iliyofungwa na mkopo huisha pamoja nao, na bima ya moto inayosimamiwa na benki huenda ikakoma bila mwenye nyumba kujua.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini dawa nayo ina kipimo. Mwenye akiba ya dharura, asiye na deni ghali zaidi, na ambaye benki imemjibu kwa maandishi, alipe bila woga. Ambaye bado hana akiba hiyo, aanze na miezi sita yake kwanza, rehani itamngoja.