Pedi mbili na kidole gumba cha kushoto

Wapenzi wa gemu wanaobishana kama pedi ya Xbox ni bora kuliko ya PlayStation wanabishania kidole kimoja tu. Upande wa kulia pedi hizo zinafanana: vitufe vinne juu, kijiti chini yake. Kushoto ndiko zinakoachana. Xbox imeweka kijiti juu na msalaba wa mishale chini. PlayStation imefanya kinyume chake.

PlayStation ilipoingia sokoni Japani Desemba 1994, pedi yake, iliyobuniwa na Teiyu Goto, haikuwa na kijiti hata kimoja. Msalaba ulikaa pale gumba linapotua lenyewe. Mwaka 1996 Nintendo 64 ikaja na kijiti katikati ya pedi, na Super Mario 64 ikaonyesha kazi yake: ukikisukuma kidogo Mario ananyata, ukikisukuma mpaka mwisho anatimua mbio. Msalaba haukuweza hilo. Mwaka 1997 Sony nayo ikatoa pedi ya vijiti viwili, na kabla mwaka haujaisha ikaja DualShock. Lakini sehemu za juu zilikuwa na wenyewe tayari, kwa hiyo vijiti vikapachikwa chini, palipobaki wazi. Mpangilio huo umedumu hadi DualSense ya 2020.

Sega, kwa Dreamcast ya 1998, iliweka kijiti juu kushoto. GameCube na Xbox za 2001 zikafanya vivyo hivyo.

Mkono wenyewe unasemaje? Kunja vidole kana kwamba umeshika glasi ya maji. Gumba linanyooka mbele, juu ya vidole vingine. Kufikia kijiti cha chini lazima likunjwe kuelekea katikati ya pedi, na msuli wa shina lake ndio unaobeba kazi. Kwa gemu ya mpira, ambayo kijiti cha kushoto hakipumziki tangu filimbi ya kwanza, naona kijiti cha juu kina haki. Gemu za kupigana kama Tekken ni habari nyingine: wengi huko huutegemea msalaba, na PlayStation imewawekea mahali pazuri.

Ukubwa wa kiganja nao una sauti. Mwenye gumba refu hushuka chini bila taabu. Pedi ya kwanza ya Xbox ilikuwa kubwa mno hata Microsoft ikatengeneza ndogo kwa ajili ya Japani, na hiyo ndogo ndiyo iliyokuja kutumika kila mahali.

Mwaka 2012 Nintendo ilijaribu kuweka vijiti vyote viwili juu, kwenye Wii U. Gumba la kushoto lilistarehe, ila la kulia likalazimika kushuka kila lilipohitaji vitufe. Switch ya 2017 ikarudisha cha kulia chini. Hapo kuna hesabu nzuri: pedi yake hugawanyika vipande viwili, na kila mchezaji akilaza chake, kijiti kinaangukia kushoto na vitufe kulia, kwa wote wawili.