Sauti na Vazi Lake: Tarehe ya Majalada ya Santuri

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona leo tunakuzungumzia makaratasi na visanduku vya kutilia santuri. Utauliza, je, maganda nayo yana tarehe? Yanayo, na ndani yake mna khabari za haki, za israfu na za amana, mambo ambayo nyumbani kwako unayazungumza kila siku.

Neno letu jalada asili yake ni Kiarabu, latokana na jild, yaani ngozi. Katika karne ya 18 na ya 19 watu wa Siyu, kisiwani Pate, walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono, na mji wao ulisifika pia kwa kazi za ngozi. Hawakuona kuwa kazi imekwisha maandishi yalipokamilika, kwani kitabu kisichovikwa huliwa na mchwa na unyevu wa bahari. Basi jalada kwao lilikuwa hifadhi kwanza, na pambo baadaye. Shika mpango huo, kwa sababu wafanya biashara ya santuri waliupindua mara nyingi.

Santuri za mwanzo zilikuwa karibu tupu. Sahani moja ya wakati ule, ile ya mizunguko 78 kwa dakika, haikuchukua zaidi ya dakika tatu au nne hivi kwa upande. Muziki mrefu ulihitaji sahani kadhaa, nazo zilikusanywa katika kitabu chenye mifuko ya karatasi, mfano wa kitabu cha kubandikia picha. Ndiyo maana mpaka leo mkusanyiko wa nyimbo huitwa albamu, ingawa kitabu chenyewe kimetoweka zamani. Kwa nje kilikuwa na rangi ya kahawia au kijivu na jina limepigwa mgongoni, basi.

Mwaka 1939 kampuni ya Columbia ya Marekani ilimwajiri kijana wa Brooklyn mwenye umri wa miaka 22, jina lake Alex Steinweiss, asimamie kazi ya uchoraji. Yeye aliona kwamba haielekei kumuuzia mtu muziki mzuri ndani ya kitu kinachofanana na daftari la madeni. Mwaka 1940 alitoa jalada lake la kwanza lenye picha, la nyimbo za Rodgers na Hart. Alikwenda kwenye jumba moja la michezo mjini New York, akaomba maandishi ya taa za mlangoni yabadilishwe kwa muda mfupi yasomeke jina la albamu, akayapigisha picha. Tangu hapo mauzo yakapanda na makampuni mengine yakafuata. Mwaka 1948 Columbia ilipoleta santuri ndefu, ile ya mizunguko 33 na theluthi, ni Steinweiss huyo huyo aliyebuni bahasha ya kadibodi iliyogandishwa karatasi yenye picha. Alifariki mwaka 2011, na kabla ya kufa alishuhudia kazi yake ikisinyaa mpaka kuwa kipicha kidogo mfano wa stempu.

Kwetu pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, sahani zake zilirudi Unguja na kuenea Afrika ya Mashariki bila ya picha za rangi. Kilichomtambulisha mwimbaji ni ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani. Ukiweza kuisoma, ulijua nani anaimba na kwa lugha gani. Mwaka 1961 Sheikh Mahmud Khalil al-Husary alipoisoma Qur'ani nzima ikatiwa katika santuri, jambo hilo lilikuwa na uzito zaidi, maana msikilizaji alihitaji kujua ni sauti ya nani na ni riwaya gani anayoifuata. Sheikh alisoma kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim. Sauti bila ya jina la mwenyewe ni kama hadithi isiyokuwa na isnadi.

Sasa tuje kwenye CD. Philips na Sony waliileta sokoni mwaka 1982, sahani ya kung'aa yenye upana wa sentimita 12. Ikatengenezewa kisanduku cha plastiki ngumu chenye sehemu tatu: kifuniko, kitako, na trei yenye meno madogo katikati ya kushikia sahani. Kila aliyekuwa nacho anajua kwamba meno hayo huvunjika, na bawaba za kifuniko hukatika kikianguka mara moja tu. Jalada la santuri ndefu lilikuwa na takriban sentimita 31 kila upande. Karatasi ya CD ina 12. Ukizidisha utaona kwamba katika kila sehemu saba za uwanja, mchoraji alibakishiwa karibu moja tu. Alichopewa badala yake ni kijitabu: kurasa za maneno ya nyimbo, majina ya wapigaji, mahali pa kurekodia na shukrani. Herufi zake nyingi ni ndogo hata mtu wa makamo huhitaji miwani, lakini elimu ilikuwamo.

Huko Marekani wenye maduka walikuwa na rafu za santuri kubwa, nao hawakutaka kuzibomoa. Tena waliogopa wezi, kwani kitu kidogo huingia mfukoni. Kwa hiyo CD ikatiwa katika boksi refu la kadibodi, inchi 12 kwa 6, ili maboksi mawili yakae sambamba pale ilipokaa santuri moja. Mnunuzi alilichana boksi mlangoni akalitupa. Huo ulikuwa ufujaji wa miti ulio wazi kabisa, na wanamuziki wenyewe wakalalamika, mpaka makampuni yakaliacha mwaka 1993. Hata hivyo boksi hilo lilifanya jambo moja la maana. Mwaka 1991 bendi ya R.E.M. ilichapisha nyuma ya boksi la albamu yao Out of Time ombi la kuwarahisishia vijana kujiandikisha kupiga kura. Wanunuzi wakalikata, wakatia saini, wakalipeleka kwa maseneta wao. Sheria ya jambo hilo ilitiwa saini mwezi wa Mei 1993, yaani baada ya boksi lenyewe kufa.

Mwaka 1999 ikatokea Napster, na watu wakaanza kupeana nyimbo kwa kompyuta bila ya malipo. Mwaka 2003 Apple ikafungua duka lake la kuuza nyimbo mojamoja kwa intaneti. Marekani mwaka 2000 ziliuzwa CD zaidi ya milioni 940. Mwaka 2020 hazikufika milioni 32. Hebu fikiri, msomaji, katika muda wa kumlea mtoto mpaka akaoa, biashara nzima imebaki ushuru.

Hapa ndipo wachoraji na wachapaji walipokabiliwa na suali ambalo halikupata kuwakabili. Zamani ganda lilitengenezwa ili litangaze sauti. Sasa sauti inapatikana bure au kwa senti chache, kwa hiyo anayetoa fedha ananunua ganda. Je, umtilie nini mkononi mtu huyo?

Wengine walijibu kwa vitu vya ajabu. Mwaka 2006 bendi ya Tool ilitoa jalada lenye vioo viwili vya kutazamia, mfano wa miwani, picha za ndani zikaonekana kana kwamba zina kina. Mwaka 2007 likapata tuzo ya Grammy. Mwaka huo huo wa 2006 Beck alitoa albamu yenye jalada tupu la mistari, pamoja na picha za kubandika, ili kila mnunuzi ajitengenezee lake. Waingereza wakaikataa katika orodha yao ya mauzo, wakisema picha zile ni zawadi zisizo za haki. Mimi naona walikosea, ila nawaelewa: walishindwa kujua bidhaa inaishia wapi na bakshishi inaanzia wapi.

Nchini Korea ya Kusini mpaka huo umefutika kabisa. Huko albamu za waimbaji vijana hutiwa ndani kadi za picha zao, wala mnunuzi hajui atapata kadi ya nani. Kwa hivyo hununua nakala tano, kumi, hata zaidi. Kwa hesabu za chati ya nchi hiyo, mwaka 2023 ziliuzwa albamu zaidi ya milioni 100, na malalamiko ni mengi kwamba kadi huchukuliwa na sahani hutupwa bila ya kusikilizwa. Mtu akiniambia kuwa hii ni CD iliyofufuka, nitamwambia kuwa hii ni bahati nasibu iliyovaa kanzu ya muziki.

Lakini wako waliorudi kwenye njia ya watu wa Siyu pasi na kuwajua. Mjini Atlanta, kijana aitwaye Lance Ledbetter alitumia miaka kadhaa kukusanya santuri kuukuu za nyimbo za dini na mahubiri ya Wakristo wa kusini mwa Marekani, weusi kwa weupe, nyingi zikiwa zimebaki nakala chache tu. Mwaka 2003, mwaka ule ule lilipofunguliwa duka la Apple, kampuni yake ndogo ya Dust-to-Digital ikatoa mkusanyiko huo, Goodbye, Babylon. Zilikuwa CD sita na kitabu cha kurasa 200, ndani ya kisanduku cha mti wa mwerezi kilichowekwa pamba mbichi. Kibiashara ilionekana wazimu. Lakini kisanduku kile hakitupwi, na kitabu kinamweleza kila mwimbaji kwa kadiri alivyojulikana. Mwaka 2011 kampuni hiyo hiyo ikatoa Opika Pende, santuri 100 za kale za Afrika katika CD nne, pamoja na kitabu cha kurasa 112. Mkusanyaji wake ni Jonathan Ward.

Sasa nikwambie jambo ambalo aghlabu wasikilizaji hawalijui. Kwa miaka mingi mikataba ya makampuni ilikuwa ikimkata mwimbaji fungu la ganda kabla ya kupigiwa hesabu ya haki yake. Kwa CD lilikuwa huweza kufika robo ya bei. Utasema, sawa, plastiki na karatasi zina gharama, ingawa gharama ya kweli ilikuwa chini mno ya hapo. Je, wimbo unaouzwa kwa intaneti, usio na karatasi wala plastiki? Mwaka 2006 bendi mbili, The Allman Brothers Band na Cheap Trick, ziliishitaki Sony mahakamani, na miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba walikatwa fungu la ganda, na la sahani zinazovunjika, kwa nyimbo ambazo hazina ganda wala hazivunjiki. Kesi hiyo ilimalizwa kwa suluhu ya malipo mwaka 2012. Wenye mizani sokoni wanayo Suratul-Mutaffifin. Hata wenye kuuza hewa imewahusu.

Na santuri kubwa ya Steinweiss je? Imerudi. Mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri milioni 41 na CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuipita CD kwa idadi tangu mwaka 1987. Wengi wanasema wanapenda sauti yake. Mimi nadhani wanapenda pia kuwa na kitu cha kushika, chenye jina na picha, cha kumuonyesha mgeni.

Kwetu sisi suali hili limetugusa kwa njia chungu kidogo. Zama za kanda, duka moja la mjini, nisilolitaja, liliniuzia taarabu ya mwimbaji mmoja ndani ya karatasi iliyotolewa nakala, ina picha ya mwengine kabisa na majina ya nyimbo yamechanganywa. Nilikaa miaka nikimsifu asiyestahiki. Tangu mwaka 2005 kampuni ya Buda Musique ya Paris imekuwa ikitoa mfululizo wa Zanzibara, ulioanza na Ikhwani Safaa, kikundi kilichoundwa Unguja mwaka 1905. Kazi ni ya uangalifu na majina yamehifadhiwa. Ila kijitabu kimeandikwa Kifaransa na Kiingereza, kwa kuwa ndiko wanunuzi waliko. Bibi aliyekuwapo kwenye arusi zilizoimbwa nyimbo zile ataisikiliza sauti, na maelezo yake mwenyewe yatamhitaji mfasiri.

Wajukuu zangu husikiliza kwa simu. Siku moja nyimbo ilipita, nikawauliza: "Huyu anayepiga fidla ni nani?" Wakatazama kioo. Palikuwa na kipicha na jina la mwimbaji, la wapigaji halikuwapo. Mkubwa wao akanambia: "Babu, hapa hawakuandika." Nikaenda chumbani nikatoa kanda ya arusi ya marehemu dada yangu. Utepe wake umegandamana hauzunguki tena. Lakini katika karatasi ya ndani ameandika, kwa hati yake ya Kiarabu, tarehe ya mwezi, nyumba ya nani, nani kapiga udi, nani kapiga dumbaki, na wanawake tisa walioitikia. Wajukuu hawakuweza kuisoma hati ile. Nikawasomea, na mdogo akaandika.