Tangawizi ya Upare na Imani ya Mnunuzi

Mji wa Same umekaa ukavuni, magharibi ya milima ya Upare ya Kusini. Mamba na Gonja, zilizoelekea pepo za bahari, hupata mvua nyingi zaidi. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa biashara baina ya mlima na tambarare. Mnunuzi wa zamani hakuuliza chakula kilikuzwa kwa mbolea gani, kwani hapakuwa na mbolea ila samadi na majani yaliyooza, pamoja na maji ya ndiva, yaani mabwawa madogo ambayo koo ziliyachimba na kugawana maji yake kwa zamu. Tena mwuzaji alijulikana kwa ukoo wake, na neno lake lilitosha.

Jina la chakula cha namna hiyo lilitokea mbali, nalo lilizaliwa na hofu. Katika mwaka 1940 Mwingereza Lord Northbourne alitoa kitabu kilicholifananisha shamba na kiumbe chenye uhai. Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani akafichua madhara ya DDT na dawa nyinginezo. Mwaka 1972 vyama vya nchi mbalimbali vikaungana huko Versailles, Ufaransa. Hatimaye, mwaka 2007, Afrika ya Mashariki ikapata kanuni zake za kilimo hai, na alama yake ikaitwa Kilimohai.

Hapo ndipo lilipo fumbo. Mkulima wa tangawizi wa Mamba aliyerithi samadi, asiyepata kununua mbolea ya viwandani, hawezi kuitumia alama hiyo mpaka shamba lake likaguliwe. Mnunuzi wa Dar es Salaam husema kwamba anatafuta afya. Lakini tangawizi mbili zikiwekwa pamoja, jicho halizitambui. Basi anachokilipia zaidi ni ushahidi, badala ya ule ujirani uliopotea.

Ushahidi huo waweza kutolewa na mkaguzi wa kulipwa, au na wakulima wenyewe wakikaguana katika vikundi. Njia hii ya pili si ngeni Upare: aliyeiba zamu ya maji ya ndiva alihukumiwa na wenziwe. Ni nafuu pia, na hilo si jambo dogo. Kwani ushahidi ukiwa ghali, mkulima maskini atatenda haki kwa ardhi na bado atauza kwa bei ya yule asiyeitenda.