Kibati: kabila, uraia na madai ya haki chini ya Nyiragongo

Kibati ni kijiji, na pia kundi la vijiji, katika usultani wa Bukumu, wilaya ya Nyiragongo, mkoa wa Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kipo kilomita zipatazo 12 kaskazini mwa Goma kwenye barabara ya Rutshuru. Wapanda mlima walikuwa wakianzia hapa safari ya kwenda kwenye kreta ya Nyiragongo, na chukudu, yaani baiskeli za mbao za kusukuma, zilizosheheni viazi, kabichi na makaa hupita hapa zikishuka kwenda sokoni mjini. Nje ya Kongo jina hili lilisikika kwa sababu ya kambi za wakimbizi wa ndani za mwaka 2008, mapigano ya Agosti 2013, na wimbi la wakimbizi lililoanza tena 2022. Makala haya yanahusu jambo lililo nyuma ya matukio hayo yote: katika eneo hili madai ya haki, yawe ya shamba, ya chakula cha msaada, ya cheo au ya damu iliyomwagika, hupelekwa kwa jina la kabila, na mara chache sana kwa jina la raia.

Waandishi wengi wa kigeni wamelieleza jambo hili kama chuki za kale. Maelezo hayo ni mepesi mno. Sheria ya uraia, kiti cha kimila, meza ya mazungumzo na orodha ya msaada, kila kimoja kwa wakati wake, vimemuuliza mtu wa Kivu yeye ni wa kabila gani kabla ya kumsikiliza shida yake. Anayeulizwa hivyo miaka yote hujifunza kuja na jibu mkononi.

Ardhi na kiti cha mwami

Usultani wa Bukumu una makundi saba ya vijiji: Buhumba, Buvira, Kibati, Kibumba, Mudja, Munigi na Rusayo. Wakumu ndio wanaohesabiwa kuwa wenye ardhi, na mwami wao, yaani mtawala wa kimila, ndiye mgawaji kwa mujibu wa mila. Nyiragongo ndiyo wilaya ndogo kuliko zote za mkoa. Upande mmoja imebanwa na Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1925. Upande mwingine jiji la Goma linapanda mlima mwaka hadi mwaka. Kinachobaki ni mawe meusi ya lava yenye udongo mwembamba juu yake. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini maji hupenya kwenye mawe na kupotea, hivyo watu wanaoishi chini ya mawingu hubeba madumu ya manjano kutafuta maji.

Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya dola, lakini haikumwondoa mwami. Mkulima akabaki na njia mbili: kwenda kwa mwami na mashefu wake, au kwenda ofisi ya ardhi Goma kutafuta hati. Njia ya pili ina gharama, na mwenye fedha ndiye anayeiweza. Hapo ndipo mgogoro wa tajiri na maskini unapogeuzwa jina. Mkumu asiye na kitu anayemwona mfanyabiashara wa mjini akizungushia ukuta kiwanja alicholima babu yake ana lalamiko la kitabaka, lakini ukimsikiliza utasikia anasema wageni wametumaliza. Mfanyabiashara huyo anaweza kuwa Mnande wa Butembo, Mshi wa Bukavu, Mhutu wa Rutshuru au Mtutsi wa Masisi, na pengine amekinunua kiwanja hicho kwa shefu wa Kikumu mwenyewe, aliyeuza bila kuwauliza watu wake.

Mpaka kati ya jiji na wilaya nao umezua ugomvi wa muda mrefu. Katika mitaa kama Buhene, kupanuka kwa Goma kumeacha watu wasiojua kwa uhakika wako chini ya meya au chini ya mwami, na kodi wamewahi kudaiwa na pande zote mbili. Wakumu wenyewe si kitu kimoja: familia ya kisultani imegawanyika mara kwa mara juu ya nani arithi kiti, na kila upande una watu wake vijijini. Jamii inayosema kwa sauti moja mbele ya gavana huwa na sauti nyingi ikirudi nyumbani.

Nani Mkongomani?

Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikubaliana mipaka ya eneo la Kivu, na watu wasemao Kinyarwanda wakajikuta pande tofauti za mpaka. Katika Rutshuru walikuwapo Wanyabwisha, wenye machifu na mashamba yao. Kuanzia 1937 utawala wa Kibelgiji uliwahamisha watu kutoka Rwanda kwa mpango maalumu na kuwapeleka Masisi, hasa Gishari, kwa ajili ya kazi za mashamba. Baada ya 1959 wakaja Watutsi waliokimbia mauaji Rwanda. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Kihutu, pamoja na wauaji wa kimbari waliojificha kati yao, walivuka mpaka Goma. Kambi mojawapo kubwa ilikuwa Kibumba, mwendo mfupi juu ya Kibati kwenye barabara hiyohiyo. Hayo ni makundi manne yenye historia nne, lakini katika siasa za mkoa yote huitwa kwa jina moja, Wanyarwanda, na kesi ya mmoja hutolewa hukumu ya mwingine.

Kinshasa iliongeza chumvi kwenye kidonda. Sheria ya Januari 1972, iliyopitishwa wakati Barthélemy Bisengimana, Mtutsi, akiwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais Mobutu, iliwapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya Juni 1981 iliwanyang'anya, ikimtaka mtu aonyeshe kuwa asili yake ni kabila lililokuwamo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Ni mkulima gani wa Kivu, wa kabila lolote, angeweza kuthibitisha hilo kwa karatasi? Lakini wengi hawakuulizwa. Waliulizwa wasemao Kinyarwanda, kwa sababu kura zilikuwa zinakaribia na wingi wao Masisi na Rutshuru ulitisha wanasiasa wa makabila mengine. Machi 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, Walikale, na mauaji yakaenea Masisi.

Sheria ya Novemba 2004 ililegeza masharti: Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo ilipopata uhuru. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, ingawa mlango ulibaki uleule: uraia bado unapitia kabila. Mwaka 2021 mswada uliotokana na mawazo ya mwanasiasa Noël Tshiani, wa kuhifadhi nyadhifa za juu kwa watu ambao baba na mama zao wote ni Wakongomani, uliwasilishwa Bungeni na kuchochea upya mjadala uleule nchi nzima.

Kambi na orodha

Mwishoni mwa Oktoba 2008 wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda, waliojitangaza walinzi wa Watutsi wa Kongo, walifika milangoni mwa Goma na kusimamisha vita tarehe 29. Jeshi la serikali lilibaki Kibati, wao Kibumba. Katikati ya mistari hiyo miwili, au karibu nayo mno, zilikuwapo kambi mbili za Kibati zenye zaidi ya watu 60,000. Walilala juu ya mawe ya lava, chini ya matao ya matawi ya mkaratusi yaliyofunikwa shitingi kwa waliobahatika na majani ya migomba kwa wengine. Kipindupindu kikaingia. Novemba hiyo Umoja wa Mataifa ulianza kuwahamishia Mugunga, magharibi mwa mji, kwa kuwa risasi zilikuwa zinapigwa karibu mno.

Maisha ya kambi yanaonyesha jinsi jamii inavyotengenezwa na utaratibu. Wakimbizi, au wadeplase kama wanavyoitwa Goma, hupangwa kwa vijiji walikotoka, na kila kundi huwa na kiongozi anayepeleka majina. Jina likiingia orodhani linazaa jetoni, kile kikaratasi cha kupokelea unga, maharage na mafuta. Lisipoingia, mama anarudi na ndoo tupu. Kwa hiyo mtu wa Kiwanja, mji wa Rutshuru, husimama na watu wa Kiwanja, kwani kiongozi wao ndiye anayeshika kalamu. Mwenyeji wa Kibati naye huona magari ya msaada yakipita mbele ya nyumba yake kwenda kwa watu waliopiga hema katika shamba lake la viazi, huku yeye hana mavuno wala jetoni. Hakuna kati ya hao wawili anayemchukia mwenzake kwa ajili ya mababu. Wanagombania kitu kidogo kilichogawiwa vibaya, na kabila ndilo jina lililo karibu la kuita ugomvi huo.

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilishuka upande huu na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Waliopoteza nyumba walikuwa wa makabila yote, na katika siku za kwanza waliokoana bila kuulizana. Zilipoanza kuandikwa orodha za kugawa mabanda ya mbao na misaada, maswali yakarudi: nani mwenyeji, nani mpangaji, nani ametoka mjini kujiandikisha.

Agosti 2013

Kundi la M23, lililozaliwa 2012 na kujipa jina la makubaliano ya 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP, liliiteka Goma tarehe 20 Novemba 2012 na kuiacha siku kumi na moja baadaye, likibaki kwenye vilima vya Kibati vinavyotazama mji. Machi 2013 Baraza la Usalama liliidhinisha Brigedi Maalumu ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Mapigano ya kuwania vilima hivyo yalichukua wiki ya mwisho ya Agosti. Meja mmoja wa Kitanzania aliuawa tarehe 28, na M23 wakaondoka Kibati.

Shujaa wa Goma siku hizo alikuwa Kanali Mamadou Ndala wa jeshi la taifa. Ziliposambaa habari kwamba anaitwa Kinshasa, watu wa mji waliandamana asiondolewe. Ndala alizaliwa Wamba, mbali kaskazini-mashariki mwa nchi, na hakuwa na kaburi la babu hata moja Nyiragongo. Hakuna aliyemwita mgeni. Mnyabwisha wa Jomba, ambaye babu zake walizikwa saa chache kwa gari kutoka Kibati, anaweza kuulizwa cheti chake kwenye kizuizi chochote. Katika siasa za Kivu ugeni haupimwi kwa kilomita wala kwa miaka. Hupimwa kwa upande ambao mtu anadhaniwa yuko vita vikianza.

Meza za mazungumzo na waliozikataa

Mwaka 1998 liliundwa Baraza la Jamii la Kivu Kaskazini, likiwakusanya wazee wa makabila kusuluhisha migogoro kabla haijawa mauaji. Lilifanya kazi kwa miaka kadhaa, kisha likavunjika 2005, uchaguzi ulipokaribia na wazee wakavutwa na wanasiasa wao. Januari 2008 mkutano wa Goma ulioongozwa na Padri Apollinaire Malu Malu uliwaita wawakilishi wa jamii na zaidi ya makundi 20 ya silaha. Hotuba zilipangwa kwa makabila, kila moja ikisoma orodha ya maumivu yake. Makubaliano yalitiwa saini tarehe 23. Kufikia Oktoba kambi za Kibati zilikuwa zimejaa. Funzo ambalo vijana wengi walilipata hapo ni kwamba kabila lenye bunduki hupata kiti.

Vijana wengine walikataa funzo hilo. LUCHA, iliyoanzishwa Goma mwaka 2012, ilichagua kudai vitu visivyo na kabila: maji ya bomba, barabara, ajira, uchaguzi kwa wakati wake. Februari 2016 wanachama wake sita walikamatwa Goma usiku wa kuamkia mgomo wa kitaifa na kufungwa. Nguvu ya LUCHA ni kwamba Mnande na Mtutsi wanakosa maji pamoja. Udhaifu wake huonekana M23 wanaposogea: hapo kila mwanachama hutakiwa na jirani zake aseme yuko upande gani, na kudai maji huonekana kama kukwepa swali.

Maumivu yanayoshindana

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili kati ya 1993 na 2003. Humo wamo Wahutu waliouawa kambini, Watutsi waliosakwa mijini, Wahunde na Wanyanga waliochomewa vijiji. Kila jamii imeisoma kwa kuchagua kurasa zake. Baadaye yakaongezeka mauaji mengine: Kiwanja 2008, Kishishe Novemba 2022. Novemba 2023 umati Goma ulimuua afisa wa jeshi la taifa, Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kivu Kusini, na kumchoma moto. Zaidi ya miezi miwili kabla, 30 Agosti 2023, askari wa serikali waliwapiga risasi waumini waliojiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini, na zaidi ya watu 50 wakafa. Hao hawakuwa na kabila moja la kuwalilia, na labda ndiyo sababu habari yao ilizimika mapema.

Tangu 2022 vijana wenye silaha wanaopigana upande wa serikali hujiita Wazalendo. M23 nao husema wanatetea Wakongomani walionyimwa nchi yao. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kwa mara msaada wa jeshi la Rwanda kwa M23. Kigali hujibu kwa kutaja FDLR, kundi la waasi wa Kihutu wa Rwanda, na usalama wake.

Goma ilitekwa tena na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na kambi za pembezoni mwa mji zikavunjwa kufikia Februari. Watu waliambiwa warudi vijijini, wengine wakikuta nyumba hazipo au shamba linalimwa na mtu mwingine. Mkataba wa Kongo na Rwanda uliotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025, na azimio la Doha la tarehe 19 Julai kati ya Kinshasa na M23, yote mawili yanazungumzia kurejea kwa wakimbizi, na miongoni mwao wamo Watutsi wa Kongo walio Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1990. Kwa watu wa barabara ya Rutshuru neno hilo lina maana ya shamba lenye mipaka yake ya mawe: nani atakayeamua kwamba anayerudi aliwahi kulima hapo, kwa karatasi ya mwami yupi, na aliyelikuta tupu akalipanda viazi aende wapi.