Neno la Wiki: Nyongeza

Sokoni, ukishalipia fungu la nyanya, humwambia muuzaji, "Niongeze, mama," naye hukutupia moja juu. Hiyo ndiyo nyongeza: haina bei, ina wema.

Kwenye michezo ya video neno limegeuka: nyongeza ni sehemu mpya ya mchezo, inayouzwa kando. Microsoft ililipa dola milioni 50 ili nyongeza mbili za mchezo wa Grand Theft Auto IV zitoke kwanza kwenye mashine yake ya michezo, Xbox 360. Ya kwanza, The Lost and Damned, iliuzwa dola 20, Februari 2009. Wenye mashine shindani, PlayStation 3, waliipata Aprili 2010, ileile. Kumbe "ya pekee" ya kwenye matangazo ilimaanisha "ya mapema".

Msomaji, ukiona tangazo la "nyongeza ya pekee", uliza kabla ya kulipa: ya pekee mpaka lini?