Ubao, Wino na Kioo cha Kompyuta

Zana ya darasani haibebi somo pekee. Huamua pia nani ataitwa msomi. Jambo hili labainika katika historia ya kusoma na kuandika kwenye mwambao wa Waswahili, tangu ubao wa chuoni hadi kompyuta.

Katika chuo cha Kurani mtoto alianzia kwenye ubao wa mbao, wino wa masizi na kalamu ya utete. Mwalimu aliandika, mwanafunzi akasoma kwa sauti, kisha ubao ukaoshwa ili upokee somo jipya. Kilichofutika ubaoni kilitakiwa kiwe kimekwisha kuingia moyoni. Ghala ya elimu ilikuwa kifua cha mwanafunzi.

Kwa herufi hizo hizo Waswahili waliiandika lugha yao. Utendi wa Tambuka wa Pate una hati ya mwaka 1728. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi wa wasia, na mwanzoni kabisa amwita asogee na wino na karatasi. Hilo nalo lilikuwa darasa. Kule Mombasa, mengi ya mashairi ya Muyaka bin Haji yalihifadhika kwa kalamu ya Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890.

Hati hiyo ilikuwa na upungufu wake. Alama tatu za irabu hazikutenga e na i, wala o na u, hata "kitu" na "kito" huweza kuandikwa namna moja; p nayo mara nyingi iliandikwa kwa herufi ya b. Msomaji alipaswa kuijua lugha, na katika shairi kuijua mizani na vina, ndipo alitambue neno. Wajuzi wa Mombasa waliongeza nukta na alama ili kuziba pengo hilo.

Wamishonari wa UMCA walifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 Edward Steere akatoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia vitabu vya shule. Hapana shaka herufi hizo zilileta manufaa: zilizitenga irabu zote tano, zikarahisisha uchapaji, na zikawafaa mamilioni waliojifunza kusoma katika kampeni za elimu ya watu wazima nchini Tanzania katika miaka ya 1970.

Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama. Bibi aliyeandika barua na tenzi kwa herufi za Kiarabu aliweza kujikuta, mbele ya karani, akihesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Hakusahau alichofunzwa, kipimo ndicho kilichobadilika. Na karatasi zake, alipofariki, ziliachiwa wajukuu wasioweza kuzisoma.

Leo picha za hati nyingi za Kiswahili zilizohifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, zimewekwa kwenye intaneti. Kijana wa Lamu au Unguja aweza kuufungua utenzi wa mababu zake kwenye kioo cha simu. Kompyuta nayo ina herufi za p, ch na v zilizoongezwa kwenye alifabeti ya Kiarabu. Chombo kipo, hati ipo.

Kilichokosekana ni somo. Watoto wengi wa mwambao husoma Kiswahili shuleni kwa herufi za Kilatini, na madrasa husoma Kurani kwa herufi za Kiarabu. Nusu ya kazi, basi, imekwisha kufanywa, na macho yao yamekwisha kuzizoea herufi. Mwalimu atakayewaonyesha kwamba herufi za madrasa ziliwahi kuandika Kiswahili hahitaji kuanza alifu kwa kijiti. Atahitaji saa chache za juma, na ukurasa mmoja wa utenzi. Asipopatikana, picha hizo zitabaki kutazamwa kama nakshi za mlango wa kale, wala hakuna atakayejua zinasema nini.